Mafiga ya Walinzi

Mtu mmoja alikuwa na shamba la mihogo ukingoni mwa msitu, na nguruwe pori walikuwa wakilimaliza. Jina lake Masaga. Aliishi na mkewe Nyamizi, na hofu yao ilikuwa moja tu: njaa.

Ng'ambo ya bonde aliishi Lubango, mwenye watoto wa kiume wengi, wakubwa wote, hodari wa upinde. Akamwambia Masaga kuwa atampa watatu wamlindie shamba, kwa ujirani mwema. Masaga alishukuru mpaka akatoa kofia.

Vijana wakaja, wakajenga dungu la kulindia, likitazama msituni. Walikula chungu kimoja na wenyeji, kama ilivyo desturi ya nchi ile, maana mgeni hapangi mafiga, yale mawe matatu ya kupikia, kwenye ua wa mtu. Anayepanga mafiga amehamia. Lakini mavuno yalipokwisha, vijana walisema wanaona haya kumchosha mama, wangependa kujipikia wenyewe. Masaga aliona ni adabu hiyo. Akayaviringisha yale mawe matatu kwa mikono yake, akawapangia karibu na mlango wa ua.

Nguruwe walikoma. Walinzi hawakuondoka. Lubango alituma neno kwamba nguruwe wana tabia ya kurudi, na tena, kule mlimani kuna Mhoja, mtu mbaya aliyegombana na yeye Lubango, na ua wa Masaga unauona mlima vizuri.

Masaga hakuwahi kukosana na Mhoja hata siku moja. Walikuwa wakichimba chumvi pamoja. Sasa watu wa Mhoja walipompita njiani waliacha kumsalimu, na asubuhi moja Nyamizi akakuta mshale umechoma paa la jikoni, juu kidogo ya mahali anapokaa akimenya mihogo. Masaga aliuchomoa. Akawaza kuwafukuza walinzi. Akakumbuka mshale, akawaza afadhali wabaki. Toka siku hiyo hakula akashiba.

Kisha likaja jambo dogo. Walinzi walitengeneza dungu upya, na mwanya wa kutazamia haukuelekea msituni tena, wala mlimani. Ulielekea nyumba. Nyamizi akiteka maji walimwona, akienda kwa jirani walimwona. Hawakumgusa. Alimwambia mumewe kwamba anaogopa, na kwamba yeye Masaga ndiye mwenye ua, aende akawaambie basi, imetosha.

Masaga akaenda. Maneno alikuwa ameyapanga vizuri tangu alfajiri. Aliwakuta wakila kwenye mafiga yao, pinde zimeegemezwa uani. Akasimama. Mkubwa wao akanyanyuka kwa heshima zote, akampangusia kigoda.

"Karibu, baba," akasema. "Usiogope, hapa ni kwako."

Masaga akasema ahsante, akaketi. Walimpa nyama akaila, wakamwuliza habari za nyumbani akajibu kuwa njema. Alipokuwa akirudi ndipo baridi ikampanda mgongoni, jua likiwa kali utosini. Mlangoni Nyamizi alikuwa akimngojea apate kusikia wanaondoka lini, naye akapita bila kumtazama usoni.

Basi niambieni, ninyi mliokwisha kuyaviringisha mawe: mtu akikaribishwa ndani ya ua alioujenga mwenyewe, naye akashukuru, walinzi wanamlindia nini?