Machozi ya Pimbi Shambani

Ngano ije?
— Ije na mavuno!
Ikae wapi?
— Ikae tumboni!

Basi ikae, maana mimi leo nimechoka, Mola ananiona.

Nyati na Pimbi mjane walikuwa na shamba moja. Nusu bonde, nusu mteremko. Kila mwaka kabla ya mvua waligawana upya, na mkubwa ndiye aliyechagua kwanza. Mkubwa ni nani? Nyati.

Mwaka uliopita ulikuwa wa jua, bonde likazaa, Nyati akavuna. Watoto wanne wa Pimbi walilamba kinu.

Pimbi akatazama sisimizi. Wanapandisha mayai mteremkoni. Akajua: mvua kubwa. Akakumbatia mabua ya bondeni, akalia, "Mzee Nyati, niachie bonde, wanangu wanakufa!"

"Nikuachie lililozaa? Thubutu!" Nyati akachukua bonde, pu! pu! pu!

Mvua chwaa! Chwaa! Bondeni Nyati akavuna vyura. Mteremkoni mtama ukajaa, watoto wakala.

Mwaka wa pili sisimizi wakashusha mayai bondeni. Pimbi akajua: jua. Akakumbatia mabua ya mteremkoni, akalia, "Mzee Nyati, niachie mteremko, wanangu wanakufa!"

"Thubutu!" Nyati akachukua mteremko, pu! pu! pu!

Jua kau! Kau! Mteremkoni pakabaki changarawe. Bondeni mtama ukajaa, watoto wakala.

Mwaka wa tatu Nyati alikuja mbavu nje. "We mwanamke, nimekugundua. Unalilia usipopataka. Haya, lia!"

Pimbi akatazama sisimizi. Wanapandisha mayai. Alikuwa amechoka kudanganya, masikini. Akaenda mteremkoni, akasema polepole, "Mzee wangu, nautaka huu mteremko. Kweli tupu."

"Ha! Kaa nao!" Nyati akachukua bonde, pu... pu... pu...

Mvua chwaa! Chwaa! Nyati akachukua jembe lake lililolowa, akahama, asirudi. Shamba lote likabaki la Pimbi.

Nami niungame. Tulipogawana shamba na kaka yangu Mbwera, nililia hivyo hivyo, na kanzu ya ibada mwilini. Mungu anisamehe. Wanangu walishiba mwaka ule.

Kwa hiyo, watoto, fundisho ni hili: semeni kweli daima. Pimbi aliisema mara moja tu, akapata shamba zima.

Ngano nimeivuna, miye hoi. Atakaye masazo, na aokote.