Kwa Nini Hakuna Kaburi Jipya Kilimani Mfupa

Kaeni kitako, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Zamani hizo watu wa Mfupa waliwazika wakubwa wao juu ya kilima, na hakukuwa na heshima iliyopita hiyo. Kilima chenyewe kilikuwa mwamba wa chokaa uliofunikwa na udongo mwembamba kama ukoko wa chungu, na majani yake hayakupita kifundo cha mguu. Lakini katika majani hayo mafupi yalijaa maua madogo madogo, na juu ya maua vipepeo wa buluu, wengi hata ukisimama mbali ungedhani kilima kinapumua.

Ua moja lilikuwa na kazi. Waliliita mpigahodi, kwa kuwa lilichanua siku saba kabla ya masika, na likichanua watu walishuka bondeni kupanda mtama. Mwenye kulitazama na kupiga mbiu alikuwa Nyevu, baada ya mama yake. Mama huyo, siku ya kufa kwake, alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, kilima kitazame tu. Usikipe kitu." Akazikwa juu, na ubavuni pake pakaachwa nafasi ya Nyevu.

Sasa Nyevu alikuwa na moyo laini, na moyo huo ndio uliomponza. Kila alipokanyaga ule udongo mkavu alikionea kilima huruma. Akaona kina njaa. Basi akaanza kubeba samadi ya mbuzi kutoka zizini, kikapu baada ya kikapu, akiimwaga juu na kuitandaza kwa mikono. Mjomba wake Mwaringa alimcheka. "We Nyevu, hicho kilima umekizaa?" Lakini mvua ilipopita, majani yaliota hadi kiunoni, mbuzi wakanenepa, na aliyecheka akawa wa kwanza kusifu.

Msimu uliofuata vipepeo walikuja kama kawaida. Walizunguka juu ya majani marefu, polepole, kama wageni waliokuta nyumba imehamwa. Hapakuwa na ua la kutua. Wakatua juu ya Nyevu, mikononi, mabegani, kwenye kope, akasimama amevikwa buluu mwili mzima, akijiona yu ndotoni. Kisha wakaondoka mmoja mmoja. Alilia, na hakuona haya kulia.

Mpigahodi hakuonekana. Watu wakakisia, wakapanda, na jua likaichoma mbegu ardhini. Wakakisia tena, ikaungua tena. Kikabaki kikapu kimoja cha mbegu kwa kijiji kizima. Mwaringa alikiweka miguuni pa Nyevu, safari hii bila utani. "Tukikosea hiki, mama, watoto watakufa. Tuambie siku."

Nyevu alipanda kilimani akaketi kaburini kwa mama yake, na hapo majani yalikuwa marefu kuliko kwingine kote. Akakumbuka kwamba hata zamani, kabla ya samadi, mpigahodi hakuota juu ya makaburi. Kipepeo mmoja aliyechelewa akapita mbele ya uso wake, naye akamfuata kwa macho, kisha kwa miguu, mpaka kwenye genge la jiwe tupu ambako kikapu chake hakikuwahi kufika. Ufani mwa jiwe, mlimokuwa na vumbi la chokaa tu, ulisimama mmea mmoja wa mpigahodi, umefumba.

Akaelewa. Ile njaa aliyotaka kuiponya ndiyo iliyokuwa riziki ya ua.

Siku ya tisa ua lake lilifumbuka. Nyevu alipiga mbiu hadi sauti ikamkauka, watu wakapanda kile kikapu cha mwisho, na baada ya siku saba mvua ikanyesha. Mtama ulipovunwa alichukua mundu akaanza kukata yale majani marefu na kuyashusha bondeni. Alishusha miaka kumi na miwili. Mbuzi walikula juu mchana, wakalala chini, samadi yao ikabaki huko. Kidogo kidogo majani yakafupika, maua yakarudi, na vipepeo nyuma yake.

Nyevu alipozeeka, Mwaringa, naye kikongwe wa kutembelea mkongojo, alimwambia, "Nafasi yako ubavuni mwa mama ipo. Tumeisafisha."

Nyevu alimtamani mama yake sana. "Nizikeni bondeni, mjomba, penye mtama," akasema. "Nilikipa kilima vingi. Huu mwili nisikipe."

Wakamzika bondeni. Na tangu siku hiyo hakuna aliyezikwa kilimani Mfupa, awe mkubwa wa namna gani. Anayepanda hupangusa miguu kwanza, na mbuzi hushushwa kabla jua halijazama. Ila kila mpigahodi anapochanua, vipepeo wa buluu hushuka siku moja hadi kwenye shamba la mtama, pasipo na ua hata moja, wakatua juu ya kaburi lake.