Mwana Hatazamwi kwa Koroboi

“Mwana hatazamwi kwa koroboi.” Mmeisikia leo barazani, vijana, mkacheka, mkauliza koroboi na mwana wapi na wapi. Chanzo chake ni hiki.

Milimani Upareni, zamani, mzazi hakutolewa nje wala dirisha lake halikufunguliwa, jicho la watu lisije likamfikia mtoto. Nakijwa alikaa katika chumba cha namna hiyo na kichanga chake cha pili. Wa kwanza alifia humohumo. Watu walinong’ona kwamba mna kitu mle ndani, kinanyonya sauti za watoto.

Naye akaanza kukisikia. Mtoto alizaliwa na kilio cha nguvu. Kesho yake kilio kikawa chembamba, kikali, kama cha mnyama aliye mbali. Kisha kikakatika. Akipewa titi, mdomo haushiki. Ukutani, katika moshi wa koroboi, kivuli kilimwinamia mtoto; Nakijwa akigeuka, ni kivuli chake mwenyewe.

Mama mkwe wake, Namkunda, alisogeza taa.

“Ona anavyong’aa! Mtoto wa dhahabu huyu. Mwache alale.”

“Mama, hata yule wa kwanza alilala hivi.”

“Nyamaza! Usikiite kitu hicho.”

Mara mtoto akajipinda mgongo kama upinde, bila sauti. Nakijwa akaona heri alaaniwe. Aliinuka, akalisukuma dirisha mpaka komeo likang’oka.

Mchana ukaingia. Mtoto alikuwa njano tangu paji la uso hadi nyayo. Akamfunua jicho, nalo njano.

“Taa ilitupaka rangi sote,” Namkunda alisema, akaipuliza ikazimika.

Walimkimbiza hospitali ya bondeni.

“Ni manjano,” daktari alisema. “Watoto wengi huyapata kidogo, yakaisha. Lakini yakianza mapema hivi, na mtoto akaacha kunyonya, hupanda ubongoni. Damu ya mama na ya mtoto hazikupatana.”

Mtoto alibadilishwa damu, akalazwa uchi chini ya mwanga wa buluu, macho yamefunikwa, kama maiti iliyoopolewa mtoni. Nakijwa hakubanduka. Hatimaye kilio kikapasuka, kinene, cha njaa. Aliishi, ingawa masikio yake yalibaki mazito.

Namkunda hakupiga vigelegele. Aliuliza polepole:

“Nakijwa, yule wa kwanza alikuwa na rangi gani?”

Hakuna aliyewahi kumwona mtoto yule mchana.

Tangu hapo, kila palipozaliwa mtoto, Namkunda aliingia bila hodi, akafungua dirisha kwa mikono yake, akasema: “Mwana hatazamwi kwa koroboi.”