Makoti Manne ya Chui

Nifungue?
— Fungua!
Nifungue kifungo cha juu au cha chini?
— Vyote, tuone kilichomo!
Basi sogeeni. Mwenye kikohozi akae karibu na moto.

"Elfu arobaini?" Chui akauliza. "Mimi nilikuja kutafuta koti moja, fundi."

"Umevaa manne," Pimbi akajibu. "Koti moja elfu kumi. Hesabu mwenyewe."

Huyu Pimbi alikuwa fundi cherehani, mnyama mdogo wa kwenye mawe, mfupi kama birika, mwepesi wa hasira, na hajawahi kuiba kipande cha kitambaa cha mtu. Kibanda chake kilikuwa juu mlimani, kule ambako mwezi wa saba sakitu, umande wa barafu, hugandia majani, na asubuhi ukiyakanyaga yanavunjika, kacha, kacha, kacha. Chui mnamjua. Ana nguvu, ana meno, na akiona viwili hataki kimoja.

Ugomvi ulianzaje? Nitasema moja kwa moja, kuzungukazunguka sipendi.

Jioni ile Chui aliingia akapanga bastola tatu juu ya meza ya kukatia. Moja ndogo kama kiazi. Moja ya kati, kama hindi. Moja kubwa kama mguu wa mbuzi. Akasema anataka ya kubeba kwa siri kipindi hiki cha baridi, pamoja na koti la kuifichia, na kwa kuwa mambo ya makoti anayajua fundi, fundi amchagulie.

Pimbi akamuuliza anaipeleka wapi. Chui hakuona haya, akasema anaipeleka pangoni.

Pangoni ndiko kulikokuwa na moto wa wote. Baridi ikikaza, wanyama wa mlima mzima walihamia humo, wakubwa kwa wadogo, na kila mwenye silaha aliiacha nje chini ya jiwe. Chui alikusudia kuingia na yake chini ya koti, aichomoe, awafukuze wote, abaki na moto peke yake. Atakayetaka kuota moto atakuja na nyama. Asiye na nyama atakuja na mtoto wake.

Pimbi akaweka mkasi chini. Mle pangoni, nyuma kabisa ukutani, alikuwamo mama yake, Bibi Atuganile. Kifua kilimbana tangu mwezi wa tano. Kila jioni Pimbi alimfunga kitambaa shingoni, akamsugua vidole kimoja kimoja mpaka vipate joto, na kila jioni mama alimwambia inatosha, mwanangu, na wewe una vidole. Bila moto ule asingeuona mwezi wa nane.

Kumkatalia Chui hakuweza, angeliwa pale pale juu ya meza. Kumdanganya hakutaka, maana hajawahi kumdanganya mteja. Basi akamwambia ukweli mtupu.

Akamwambia ile ndogo inafichika vizuri, lakini kwenye baridi utavaa glovu, na kidole chenye glovu hakipiti kwenye kichuma cha kuvuta. Ile kubwa itatuna tumboni. Achukue ya kati, koti moja linaitosha. Na mafuta aipake kidogo tu, kwa sababu kwenye baridi yanaganda na kwenye moto yanayeyuka.

Chui akaitazama ya kati. Akaitazama kubwa. Akachukua kubwa.

Akaichomeka kiunoni, akavaa koti la kwanza, vifungo sita. "Inaonekana?"

"Inaonekana, mzee."

Akavaa koti la pili, vifungo sita. "Inaonekana?"

"Inaonekana, mzee."

Akavaa koti la tatu, vifungo sita. "Inaonekana?"

"Kidogo, mzee."

Akavaa koti la nne, vifungo sita. "Inaonekana?"

"Haionekani. Ila kuichomoa itakuwa kazi."

La mwisho hilo Chui hakulisikia, alikuwa anajitazama kwenye kioo. Kabla ya hapo alikuwa ameshaipaka bastola kopo zima la mafuta ya kondoo. Ndipo Pimbi akataja bei, ndipo wakagombana. Chui akasema atalipa akishakuwa bwana wa pango, akatoka bila kuacha hata senti, mikono haishuki, anatembea kama gunia lenye miguu.

Pimbi akapita njia ya mkato kwenye mawe, akafika kwanza. Akafanya mambo mawili tu. Akaongeza magogo matatu kwenye moto. Kisha akamshika mama yake mkono, akamtoa kule ukutani, taratibu, akamkalisha mbele, jirani na kigoda cha mgeni.

Pango lile lilikuwa na desturi zake. Mgeni hukaa mbele, karibu kabisa na moto. Na kwa kuwa mawe hayapigwi misumari, hakuna pa kutundika nguo: ukivua koti, unamvika jirani yako, akutunzie mpaka utakapotoka.

Chui akaingia. Wakampisha kwenye kigoda. Akakaa, akapeleka mkono kiunoni. Koti. Akafungua vifungo na glovu zake, tap, tap, tap, tap, tap, tap. Chini yake, koti. Wanyama waliomo wakadhani mgeni anaona joto, nao wakamsaidia. Koti la kwanza likavuliwa, wakamvika Bibi Atuganile.

"Ahsante, mwanangu," bibi akamwambia. "Tangu mwezi wa tano mgongo wangu haujapata joto."

Chui akarudi kwenye vifungo. Tap, tap, tap, sita. Koti la pili akavikwa Mzee Kobe. Tap, tap, tap, sita. Koti la tatu akapewa Kanga, akawafunika vifaranga wake wote tisa, kelele zikaisha. Tap, tap, tap, sita. Koti la nne akavikwa Nungunungu, ambaye tangu azaliwe hakuna aliyemkumbatia.

Sasa bastola ilikuwa wazi. Chui akaishika. Lakini magogo matatu yalikuwa yanawaka, na mafuta ya kondoo yalikuwa maji. Chururu, ikateleza kwenye glovu. Chubwi, ikaingia kwenye chungu cha uji.

Nyati akachukua mwiko, akaitoa, akaitazama uji ukidondoka kwenye mtutu. Kisha akasimama. Nyati akisimama, huwa haongezi neno.

Chui akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, hana koti, hana bastola. Nje sakitu imeshaanza. Kacha. Kacha. Akasimama hapo anatetemeka, pa kwenda hajui.

"Mwanangu," Bibi Atuganile akaita. Alikuwa ameshalivua lile koti. "Utakufa na baridi. Vaa hili."

Pimbi alikasirika mpaka masharubu yakasimama. Mama yake akamtazama tu, akamvuta karibu, akamwambia moto upo, na wewe una joto lako, nibane. Pimbi akambana. Hasira ikapungua, hesabu ikabaki.

"Mzee Chui," akasema. "Matatu hukulipia, kwa hiyo ni yangu, na yatabaki pale yalipo mpaka baridi iishe. Moja umelivaa. Elfu kumi."

Chui akasema ataleta Jumatatu.

Funzo la hadithi hii ni kwamba ukichagua bastola ya kuficha wakati wa baridi, chukua ya kati, koti moja, mafuta kidogo. Msichukue funzo lingine.

Nifunge?
— Funga!
Kifungo cha juu nimefunga, cha chini nimefunga. Ila Jumatatu zimepita nyingi.

Chui, lete elfu kumi ya fundi.