Anwani Namba Arobaini

Wahenga waliosema kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja hawakuwa wameona kompyuta wala waya wake. Walichokuwa wameona ni zizi lililovunjika na ndama waliokanyagwa. Walitaka tujue kwamba penye wawili wenye nguvu sawa, na hakuna aliyeambiwa nani atangulie, vurumai haiko mbali, na mara nyingi anayeumia ni yule asiyekuwamo kabisa. Anyesi aliijua methali hiyo tangu utotoni, kwa maana alizaliwa katika nyumba ya wafugaji. Lakini kuijua methali ni jambo moja na kuitii ni jambo jingine.

Anyesi alikuwa meneja wa ghala la ushirika wa wakulima wa mahindi, kando ya barabara kuu pale Kibaigwa. Alikuwa mchapakazi asiyejua kuchoka, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: aliogopa kumuudhi mtu. Hata akiuziwa maandazi yaliyoungua, alishukuru na kuyala.

Ofisini mwake walikuwapo mafundi wawili wa mtandao. Wa kwanza alikuwa Mzee Hamidu, mtu wa Kondoa, aliyevuta waya wa kwanza kabisa katika ghala lile. Wa pili alikuwa Raheli, binti aliyeajiriwa mwaka uliotangulia akitokea chuoni Dodoma mjini. Sasa, kila mashine iliyomo kwenye mtandao wa ofisi sharti iwe na anwani yake, kama nyumba inavyokuwa na namba, la sivyo taarifa hazijui pa kwenda. Mzee Hamidu aliingia ndani ya kila mashine akaipa anwani kwa mkono wake, kisha akaikumbuka kichwani.

"Mashine niliyoipa anwani mwenyewe haiendi kuomba kwa mtu," alipenda kusema. "Ruta izimike, iungue, yenyewe inajijua."

Raheli hakuitaka njia hiyo hata kuisikia. Yeye aliiacha kila mashine iombe anwani kwenye ruta, kile kisanduku kinachoziunganisha mashine zote, na ndani ya ruta akaitengea namba ya kudumu ambayo haitapewa mwingine. "Hivi zote zinaonekana mahali pamoja," alisema. "Mzee akisafiri, tutakifungua kichwa chake?"

Walipomwendea meneja awachagulie njia moja, Anyesi aliona kila mmoja ana hoja. Akamtazama Mzee Hamidu, aliyekuwa na umri wa baba yake. Akamtazama Raheli, aliyekuwa akifanya kazi kwa moyo wake wote. Akacheka kidogo. "Nyote mna akili," akasema. "Kila mmoja afanye anavyojua, mradi kazi iende."

Akajipongeza kwa kulinda amani. Masikini, amani gani hiyo? Tangu siku ile mafundi wale hawakupikika chungu kimoja. Raheli aliacha kumwamkia mzee shikamoo, na mzee akawa akiingia ofisini anasalimia ukuta. Anyesi aliyaona yote hayo akajifanya hajaona.

Ikafika siku ya soko. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, lakini mvua za mwaka ule zilichelewa kuondoka, na tangu asubuhi wingu zito lilikuwa limejikusanya upande wa mashariki. Malori yalijipanga hadi nje ya geti. La mbele lilikuwa Fuso lililobeba mahindi ya kikundi cha akina mama wa kijijini kwa Anyesi. Turubai lake lilikuwa limechanika katikati. Juu ya magunia, kanga kichwani, aliketi Penina, mama yake mdogo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Tumeleta, kama ulivyosema."

Maneno hayo yalimchoma Anyesi. Ni yeye aliyekwenda kijijini kuwasihi wale akina mama wasiwauzie madalali. "Leteni ushirika," aliwaambia. "Mimi nipo." Na sasa mahindi ya mwaka mzima, chakula na ada za watoto, yalikuwa chini ya turubai lile bovu. Yakilowa hayatapokelewa, kwa kuwa huota ukungu ghalani. Na lori lisilopimwa halishushi hata gunia moja. Ndiyo kanuni waliyoipitisha wanachama wenyewe baada ya ugomvi mwingi.

Fuso likapanda juu ya mizani. Kwenye kompyuta ya ofisini uzito ukatokea, ukapotea, ukatokea tena, kisha kioo kikabaki kitupu.

"Nini tena?" Anyesi akauliza.

Asubuhi ile Raheli alikuwa amewasha kwa mara ya kwanza printa mpya ya stakabadhi. Ndani ya ruta alikuwa ameitengea anwani namba arobaini. Hakujua, wala hakuuliza, kwamba miaka mingi nyuma Mzee Hamidu aliipa mizani namba hiyohiyo kwa mkono wake. Sasa mashine mbili ziliitikia jina moja, na kompyuta haikujua imsikilize nani.

Mafundi wote wawili waliutambua ugonjwa upesi. Ujuzi haukuwa shida yao. Mzee Hamidu alitoka mbiombio kwenda kwenye kisanduku cha mizani akaibadilisha anwani. Raheli, bila kunyanyua macho, akaibadilisha ya printa ndani ya ruta, akaizima printa na kuiwasha. Kila mmoja alichagua namba nzuri ya kukumbukwa. Mzee alichagua hamsini. Na Raheli alichagua hamsini.

Uzito ukatokea, ukapotea.

"Umefanya nini huko?" mzee akafoka kupitia dirishani.

"Nimekupisha! Wewe umefanya nini?"

"Nimekupisha mimi!"

Radi ikapiga. Upepo ukalinyanyua turubai, ukalipasua zaidi, na madereva wakaanza kupiga honi. Penina na wenzake walikuwa wakitandaza kanga zao juu ya magunia. Anyesi alipowaona wakivua kanga ili kuyafunika mahindi waliyoyaleta kwa ajili ya neno lake, hofu ya kumuudhi mtu ilimtoka, ikaja hofu nyingine kubwa kuliko hiyo. Alijiona mwongo.

"Acheni wote!" akapaza sauti ambayo hata mwenyewe hakuijua. "Toeni mikono! Mzee Hamidu, unazijua anwani zote zilizomo humu?"

"Nazijua nilizoziweka."

"Raheli?"

"Zilizo kwenye ruta, bosi."

"Kwa hiyo hakuna anayezijua zote." Akavuta pumzi. "Kuanzia sasa anwani zote zinatoka kwenye ruta, na mwenye ruta ni Raheli. Hakuna atakayeandika anwani kwa mkono bila kumwambia yeye. Mzee wangu, nyaya, umeme na mizani ni vyako. Ruta isizimike, hilo nakukabidhi wewe."

Mzee Hamidu alivua kofia, akaishika mkononi. Mtandao ule alikuwa ameujenga yeye. Anyesi alitamani kuyarudisha maneno yake, lakini aliuma midomo, hakuyarudisha. Tone la kwanza likaanguka juu ya kisanduku cha mizani.

Mzee akavaa kofia yake. Akainama nyuma ya kisanduku, palipobandikwa namba ya utambulisho ambayo kila mashine hutoka nayo kiwandani. "Raheli!" akaita. "Andika. Nakusomea."

Akasoma herufi na tarakimu kwa sauti, mojamoja, huku upepo ukimpiga. Raheli akaandika ndani ya ruta, akamrudishia kwa sauti kila alichoandika, akaitengea mizani anwani isiyo ya mashine nyingine. Kisha mzee akaiamuru mizani iombe anwani, jambo aliloapa hatalifanya maishani.

"Imeipata?"

"Imeipata, mzee!"

Uzito ukatokea kwenye kioo, ukatulia tuli. Fuso likaunguruma kuingia ghalani, na kabla mkia wake haujapita mlangoni, mvua ikashuka kwa ghadhabu.

Magunia mengi yalisalimika. Ila yale ya nyuma kabisa yalilowa chapachapa, na yalikuwa ya Penina.

Jua lilipotoka, Anyesi alimkuta mama yake mdogo uani, akiyatandaza mahindi yake kwenye turubai bila kulalamika. Akapiga magoti, akaanza kutandaza naye. Machozi yalimlenga.

"Nisamehe, mama mdogo."

Penina aliendelea kutandaza. "Baba yako alikuwa na mafahali wawili, unakumbuka? Alimpenda huyu, akampenda na huyu. Alipomuuza mmoja hakula siku hiyo. Lakini alimuuza kabla pembe hazijakutana."

Nyuma yao Mzee Hamidu alikuwa amefika, ameshika turubai jingine upande mmoja, Raheli upande wa pili.

"Meneja," mzee akasema taratibu, "ungeniambia maneno yale mwanzoni, ningenuna siku moja tu."

Anyesi aliokota punje zilizolowa, akazitazama kiganjani, akajua kuwa wahenga hawakukosea: mafahali wawili hawakai zizi moja.