Usingizi wa Mwajabu Mkekani

Akukaliaye naye huchoka. Mmeisikia leo kwa mama yenu mkaguna, mkadhani ni maneno ya wavivu. Haya, kaeni niwaambie ilikotoka. Na atakayesinzia asinzie, maana hata usingizi umo humu ndani.

Palikuwa na mjane kule Korogwe, jina lake Mwajabu, mfuaji wa mashuka ya hospitali. Kukamua mashuka kwa mikono tangu alfajiri si mchezo. Ikifika saa tisa alasiri mabega yanakuwa si yako tena. Mumewe alimwachia nyumba ya vyumba viwili. Hati yake Mwajabu aliifungia sandukuni, ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba. Lakini shemeji yake, Semboja, mpakiaji wa magunia, alishikilia kwamba nyumba ni ya ukoo. Alianza kwa maneno, akaja kwa kusukuma. Siku moja alimbwaga uani, akamkalia kifuani. Mwajabu alifurukuta mpaka pumzi ikamwisha, akabaki kulia tu. Majirani ndio waliomwondoa, naye Semboja akaapa kwamba akirudi ataondoka na hati.

Jirani mmoja akamwambia kuna Mwalimu Hizza, anafundisha wanawake jujitsu ya Kibrazili kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, mchezo wa kujinasua ukiwa umeangushwa chini. Mwajabu alikwenda bila hamu. Hakutaka kupigana na mtu. Alichotaka ni siku moja tu alale mchana bila kusikia mlango ukigongwa.

Na somo lenyewe lilikuwa lile lile kila wiki: kukaliwa. Bana viwiko ubavuni. Linda shingo. Pumua kwa pua. Ngoja aliye juu ahamishe uzito wake, kisha mnase mkono, uzuie na mguu wake wa upande huo huo, unyanyue kiuno, umpindue. Wenzake walirusha mikono na miguu. Yeye nguvu za kurusha angezitoa wapi?

Wiki ya tano alikaliwa mkekani na Mama Shelukindo, muuza samaki, mtu na mwili wake. Mama Shelukindo akavuta mkono huu, akasukuma kiwiko kile, akajaribu shingo, wapi. Viwiko vimebana. Mara ukumbi mzima ukasikia mkoromo. Mwajabu amelala!

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwajabu alizinduka, akaona haya, akaomba radhi, akasema tangu alfajiri hakuwa ameketi. Mwalimu hakucheka. Alimtazama Mama Shelukindo, aliyekuwa akihema huku jasho linamtiririka.

"Kati yenu nani amechoka?" akauliza.

"Mimi," akasema Mama Shelukindo. "Mwenzangu amepumzika."

Mwalimu akamgeukia Mwajabu. "Usingizi uache nyumbani, mama. Lakini kule kutulia, usikuache."

Semboja alirudi Jumapili, adhuhuri, majirani wakiwa shughulini. Mwajabu alijaribu kukimbilia barabarani kama alivyofundishwa, lakini alidakwa mlangoni, akaangushwa, akakaliwa. Aliogopa sana, msidhani hakuogopa. Aliona kabisa kwamba kamba ile ya ufunguo ikikatika, jioni hiyo atalala nje. Akabana viwiko. Semboja akavuta, akatukana, akavuta tena. Mwajabu alikuwa amechoka kuliko siku zote za maisha yake, amechoka na mashuka, amechoka na ukoo, amechoka na kuogopa. Akavuta pumzi kwa pua. Akangoja.

Punde akasikia pumzi za mwenziwe zinakatika. Semboja akaona anachelewa. Akayaacha mabega, akainama mbele kuishika kamba kwa mikono miwili. Uzito ukahama. Mwajabu akaunasa mkono, akauzuia mguu, akanyanyua kiuno kwa nguvu zote alizokuwa amejiwekea. Semboja akajikuta chali. Alipojigeuza, mwenzake yuko barabarani, anakwenda kwa mjumbe wa mtaa.

Mjumbe alipofika alimkuta Semboja bado ameketi pale mlangoni, anahema. Hakuwa na hata mkwaruzo.

"Mwajabu, jitu kama hili umeliwezaje?"

"Sikumweza, mjumbe. Akukaliaye naye huchoka. Nilimngoja."

Maneno hayo yalitembea mji mzima, watu wakiyacheka kidogo, kama ninyi. Semboja akapeleka shauri mahakamani. Njoo mwezi ujao, njoo mwezi ujao, miaka miwili. Kila tarehe Mwajabu alikuwapo kwenye benchi, vidole vimenyauka kwa maji ya sabuni, hati ndani ya mfuko wa nailoni mapajani. Hakumtukana mtu, wala hakukosa hata siku moja. Mwaka wa pili Semboja akaanza kuchelewa, kisha akawa haji kabisa. Shauri likafutwa, nyumba ikabaki ya Mwajabu.

Siku hiyo watu walitaka kumpigia vigelegele. Akawaomba wamsamehe. Alirudi kwake, akakomea mlango, akavua ule ufunguo shingoni, akalala mchana kutwa. Hakuna aliyegonga.

Basi msiniambie ni methali ya wavivu. Mwajabu alilala chini, kweli, lakini viwiko vyake havikulala. Nanyi mtaelemewa tu, dunia ndivyo ilivyo. Siku hiyo lindeni shingo, pumueni, ngojeni uzito uhame. Akukaliaye naye huchoka.