Mtazama Mchawi Hakati Kona

"Mtazama mchawi hakati kona." Bi Mgeni aliwarushia wajukuu zake maneno hayo walipoingia uani kutoka mpirani, wamefungwa mabao manne, kila mmoja akiapa kwamba kipa wa mtaa wa pili alikuwa amefukia kitu golini kwake.

"Bibi, mchawi na kona wapi na wapi?" aliuliza Khatibu, aliyecheza beki.

"Kaeni niwaambie. Viatu viacheni hukohuko mlangoni, vinanuka. Maneno haya hayakutoka uwanja wa mpira, yalitoka uwanja wa farasi, na yalizaliwa hivi."

Katika mji mmoja wa pwani palikuwa na liwali aliyependa farasi kuliko alivyopenda chakula chake. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na uwanja wenye kuta pande zote nne, na kila asubuhi ya Idi mpandaji mmoja aliuzunguka mbele ya watu. Sharti lilikuwa moja. Farasi aende mbio laini, zile za kubembea, asitoke shoti na asipunguze hata kwenye kona. Aliyeliweza hilo ndiye aliyeongoza msafara kwenda kuswali.

Mwaka ule ilikuwa zamu ya Haroub. Marehemu baba yake aliongoza msafara miaka mingi, na Haroub alitaka mji uone kwamba kisima cha kwao hakijakauka. Alipewa Marijani, farasi jike mwekundu, mtiifu sana. Kona tatu Marijani alizipita bila taabu. Akifika ya nne, ile ya upande wa msikitini, mbio zinamkatika, anaanza kwenda telki, mwendo ule wa kumrusharusha mpandaji kama mchele kwenye ungo.

Leo hivyo, kesho hivyo. Na kwenye kona hiyohiyo ndiko alikokaa Makame, shemeji yake, mume wa dada yake Mwanakombo. Makame naye alikuwa mpandaji, na msafara wa Idi iliyopita aliuongoza yeye. Kila alasiri alikuja kutazama mazoezi, akakaa palepale chini ya ukuta.

Haroub akaanza kumtupia jicho. Aliona midomo ya shemeji yake inachezacheza. Siku nyingine akaona mkono wake wa kulia umefumbwa ngumi, haufumbuki.

"Huyu ameonja utamu wa kutangulia," alijisemea. "Hataki kukaa nyuma tena."

Mwenye shaka hakosi ushahidi, wajukuu zangu. Makame akicheka, alikuwa anamcheka yeye. Makame akinyamaza, alikuwa anasoma kimoyomoyo. Haroub alikwenda na jembe akaichimba kona ile, akatoa kigae cha chungu na mfupa wa samaki, akavigeuzageuza mpaka macho yakamuuma. Mwisho akamwomba Makame ampande Marijani yeye, aone. Makame akapanda, akazikata kona zote nne kama anakwenda kwa mjomba wake. Mtu mwingine angejiuliza. Haroub alisema, "Naam! Afungaye ndiye afunguaye."

Jioni hiyo akaenda nyumbani kwa dada yake. Baba yao alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Haroub ndiye aliyekuwa mkubwa wao na neno lake lilikuwa zito. Alimkuta Mwanakombo peke yake kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Fungasha vitu vyako. Mumeo mchawi. Idi ikipita naenda kwa kadhi, na wewe unarudi nyumbani."

Moyo wa Mwanakombo ulipasuka pa! Alimpenda mumewe na aliipenda nyumba yake. Lakini alimjua kaka yake pia: ukimbishia, ndiyo kwanza anakaza. Akafuta mikono yake polepole.

"Sawa, kaka. Lakini kwanza nije nimwone huyo mchawi akiwa kazini. Nikimwona, nafungasha mwenyewe, hutanisukuma."

Kesho yake Mwanakombo alisimama dirishani, ghorofa ya juu ya nyumba ya liwali, pamoja na wanawake wa pale. Hakumtazama mumewe hata kidogo. Alimtazama kaka yake, mzunguko baada ya mzunguko, kisha akateremka uwanjani.

"Kaka, ukikaribia kona ile unatazama wapi?"

"Namtazama mumeo! Ulitaka nimtazame nani?"

"Basi sikiliza. Shingo yako inageuka kumtafuta Makame. Bega linaifuata shingo, kiwiliwili kinalala upande, mkono unavuta hatamu. Umemwambia Marijani apunguze, naye kakutii. Kisha kesi unampa mume wangu."

"Naona na wewe umeshalishwa," alisema Haroub.

"Nilikuwa nyumba moja na wewe baba alipokuwa anakufundisha. Alikuwa akisema nini kila siku? Jicho litangulie, mguu wa ndani uguse, mkono unyamaze. Mimi nilikuwa jikoni na nimeshika. Wewe ulikuwa juu ya farasi na umesahau."

Akavua kanga yake ya juu, mpya, akaitandaza ukutani kwenye kona iliyofuata ile ya Makame. "Panda. Ukiifikia kona ya mchawi wako, nisomee jina la kanga yangu, kwa sauti nisikie. Usiposoma nitawaambia watu kwamba chuoni ulikwenda kulala."

Haroub alipanda akinung'unika. Kona ya nne ilipokaribia, shingo ikataka kugeuka, lakini ile kanga ilikuwa mbele inamngoja. Akainua kichwa, mgongo ukanyooka, mguu wa ndani ukamgusa Marijani ubavuni, akasoma kwa sauti kubwa: "Wanitazama nini, kwenu hakuna?"

Kicheko kilimtoka bila kutaka. Alipokuja kushtuka, kona ilikuwa nyuma yake na Marijani bado anabembea.

Mnadhani aliamini? Thubutu! "Labda leo Makame alikuwa amechoka," alisema, akaondoka zake.

Asubuhi ya Idi mji mzima ulijipanga kwenye zile kuta. Mwanakombo alikuwa kule juu dirishani, na vitu vyake vilikuwa nusu ndani ya sanduku. Ukutani hapakuwa na kanga. Makame alikuwa palepale pake, midomo inacheza, ngumi imefumbwa. Marijani akapita kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Haroub alihisi shingo yake inavutwa kana kwamba ina mwenyewe mwingine. Tazama! Anasoma! Tazama mkono wake!

Hakutazama. Aliyapeleka macho yake kule ilikokuwa kanga jana, mkono ukanyamaza. Marijani akaikata kona ile bila kupunguza, akaendelea hivyo mpaka liwali akanyoosha fimbo kwamba imetosha.

Vigelegele havijaisha, Haroub alishuka akamwendea Makame moja kwa moja.

"Shemeji, nifungulie hiyo ngumi."

Makame akaifungua. Ndani palikuwa na kipande cha sukari guru, kimeyeyuka na kunata vidoleni.

"Ya Marijani hii," alisema. "Nilisema siku akiivuka kona nimpe. Kila siku narudi nayo nyumbani."

"Na midomo? Ulikuwa unasoma nini?"

"Nakuombea usianguke. Ulikuwa unalala upande, shemeji, unanitia hofu."

"Na kwa nini pale, kila siku palepale?"

Makame akamshangaa. "Si ndipo penye kivuli alasiri? Kwingine kote jua, nikapazoea."

Haroub aliona haya mpaka akakosa pa kuweka uso. Marijani alinyoosha shingo, akalamba sukari yake kiganjani mwa Makame. Msafara ulipoondoka, Haroub aliongoza, na Makame alitembea kando yake ameshika hatamu kwa kuombwa. Watu walimuuliza Haroub ameipitaje kona iliyomshinda siku zote. Akatazama juu dirishani kwa dada yake, akawajibu yale maneno.

Hapo Bi Mgeni akamaliza. Kisha Khatibu akasema, "Lakini bibi, kipa yule kweli alikuwa anainamainama pale golini kwake. Nilimwona kwa macho yangu."

"Ulimwona lini?"

"Bao la nne lilipokuwa linaingia kwetu..."

Wenzake wote walikuwa wamemgeukia.

"Ehe," alisema Bi Mgeni. "Mtazama mchawi hakati kona."